Pumzi ni Yetu, Karatasi Nayo Iwe Yetu



Mwezi uliopita gari jeupe liliingia katika uwanja wa kiwanda kimoja cha upande wetu, kiwanda ambacho watu wake hutoka jioni wamekuwa weupe nywele na nyusi kama wazee wa miaka themanini. Ndani ya gari mlikuwa na meza, kijana aliyevaa koti la hospitali, na mashine ndogo yenye bomba la karatasi. Wafanya kazi wakapangwa mstari saa ya chakula. Kila mmoja alipofika mbele aliambiwa, "Puliza!" Akapuliza mara moja, namba ikaandikwa, na yule kijana akasema, "Mwingine!" Watu zaidi ya mia moja walipulizishwa kwa muda wa saa moja. Hesabuni wenyewe: hakuna aliyepata hata dakika nzima.

Baada ya wiki mbili ndugu zetu watatu ambao mikataba yao ilikuwa inakwisha hawakuandikwa tena. Mmoja wao ameumeza unga wa mahali pale miaka kumi na mmoja. Walipouliza sababu, karani aligusa kifua chake kwa kidole, hakusema neno. Mjumbe wetu akaenda ofisini kuomba karatasi za vipimo. Akajibiwa kwa adabu sana kwamba mambo ya daktari ni siri.

Siri! Siri kwa nani? Bwana wa kuajiri anaijua namba. Karani anaijua. Nyapara anaijua, kwa maana tumesikia akiwatania watu nayo langoni. Asiyeijua ni mmoja tu, yule mwenye mapafu. Baba zetu walitundikiwa kipande shingoni baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na ndani yake bwana aliandika alichotaka. Lakini angalau kipande kilikuwa shingoni mwa mwenyewe, na asiyejua kusoma aliweza kumwomba mwenzake amsomee. Hiki kipande cha leo kimefungiwa kabatini.

Tangu siku ile wanachama wengi wamekuja tawini wakisema: gari likirudi, tutakataa kupuliza. Hasira yao tunaielewa, nasi tunayo. Lakini sisi wa kamati tunasema wazi kwamba wanakosea, na ndiyo sababu tunatumia kurasa hizi. Mtu akikuibia mizani, huendi nyumbani ukaapa kwamba hutapima tena mahindi yako. Unadai mizani irudi.

Basi kwanza tukijue kitu chenyewe, maana wengi wetu tumepuliza bila kuambiwa tunapuliza nini.

Mapafu ni kama mvukuto wa mhunzi. Ukiujaza na kuukandamiza kwa nguvu, hewa hutoka kwa kasi. Mvukuto ukiwa mzima na mdomo wake ukiwa wazi, sehemu kubwa hutoka mara moja. Mashine, ambayo madaktari huiita spirometa, huandika mambo mawili makubwa. La kwanza ni pumzi yote uliyoitoa kuanzia kujaa hadi kuisha. La pili ni ile iliyotoka katika sekunde ya kwanza peke yake. Huyu ni mtoto wa Mfaransa Robert Tiffeneau, aliyeanza kuipima hivyo mwaka 1947. Kwa mtu mzima asiye na ugonjwa, sehemu 7 katika 10 au zaidi hutoka katika hiyo sekunde moja. Ikiwa hutoka kidogo kidogo, chini ya sehemu 7, basi njia za hewa zimebana, kama inavyotokea kwa mtu wa pumu, kwa mvuta sigara wa miaka mingi, kwa mwoka mikate anayevuta unga, au kwa mtu wa pamba.

Vumbi la mawe na asbesto lina hila nyingine. Hilo hulifanya pafu kuwa gumu kama ngozi iliyokauka juani. Hapo pumzi yote hupungua, na ile ya sekunde ya kwanza hupungua pamoja nayo, hata ukizilinganisha mbili hizo utaona mambo ni sawa. Daktari wa haraka akitazama ule ulinganisho tu, atampitisha mvunja kokoto ambaye mvukuto wake umekwisha kuwa nusu. Tena tusidanganyane: mtu anaweza kupuliza vizuri kabisa na picha ya kifua ikaonyesha madoa ya vumbi la mawe. Kwa hivyo ndugu wa machimbo wasikubali bomba peke yake bila picha.

Sasa, kupima kwenyewe kuna sheria zake. Mtu huketi. Hupimwa urefu bila viatu, kwa sababu mrefu ana pumzi kubwa kuliko mfupi. Hubanwa pua kwa kibanio. Hujaza kifua mpaka hakuna nafasi, hufunga midomo barabara juu ya bomba, kisha hupuliza kwa nguvu zote na kuendelea kusukuma mpaka hakuna kilichobaki, jambo ambalo kwa mtu mzima huchukua sekunde sita au zaidi. Anayepima humhimiza kwa sauti. Kisha mtu hupumzika na kurudia, mpaka zipatikane pumzi tatu zilizo safi, na mbili zilizo bora zisipitane kwa zaidi ya mililita 150. Mashine nayo hupimwa kila siku kwa bomba la sindano kubwa la lita 3, ili ijulikane kama inasema kweli. Ndugu, je, kuna aliyeiona hiyo sindano kubwa katika lile gari? Kuna aliyebanwa pua? Pumzi moja, mtu amesimama, mdomo una ugali, mashine za kiwanda zikinguruma: namba za namna hiyo daktari mwenye kujiheshimu angezitupa. Lakini zimetosha kuwanyima watu watatu kazi.

Kuna na chombo kingine kidogo, kama kopo lenye mshale, ambacho hupima kasi tu ya mpulizo kwa lita katika dakika. Wengi mmekiona hospitalini kwa watoto wenye pumu. Kilitengenezwa na Martin Wright, na kikatangazwa mwaka 1959. Na mahali alipokuwa akifanya kazi ni kituo cha kuchunguza magonjwa ya vumbi ya wachimba makaa ya mawe kule Wales. Jambo hili tunapenda likumbukwe: kopo hilo lilitoka katika kikohozi cha wafanya kazi. Halimfilisi mtu bei yake, na kazi yake ni kubwa kama likitumiwa sawasawa. Mtu hupuliza mara nne kwa siku, kwa wiki kadhaa, siku za kazi na siku za mapumziko, akiandika kila mara. Ikiwa mshale huanguka siku za kazi na kupanda akikaa nyumbani, hapo si baridi ya Julai, wala si kurogwa, wala si vumbi la barabara ya kijijini. Ni kazi.

Watu wa pamba walilijua jambo hili kwa miili yao kabla ya madaktari. Katika viwanda vya Lancashire, Uingereza, wafanya kazi wa vyumba vya kuchana pamba walisema kifua hubana siku ya Jumatatu, baada ya kupumzika Jumapili, kisha hulegea kadiri wiki inavyokwenda.  Katika miaka ya 1950 Daktari Richard Schilling na wenzake waliwachunguza watu hao vyumbani mwao mwa kazi, wakaonyesha kwamba kile kifua cha Jumatatu ni ugonjwa wa vumbi la pamba kweli kweli, na pumzi ya mtu ikipimwa asubuhi na jioni ya Jumatatu huonekana imeshuka.

Lakini kuonyesha si kushinda. Huko Marekani, katika majimbo mawili ya Carolina, wenye viwanda waliendelea kusema kwamba ugonjwa huo haupo. Mwaka 1975 wazee waliostaafu kutoka viwandani, wake kwa waume, wengine wakitembea hatua kumi na kusimama, waliunda chama chao wakakiita Brown Lung Association. Walifanya nini? Hawakukataa bomba. Walilichukua wao. Walifungua kliniki za kupima pumzi, wakawaita madaktari na wauguzi wenye moyo wa kujitolea, wakapanga mistari yao wenyewe, na kila mtu akatoka na namba yake mkononi. Namba hizo wakaenda nazo mbele ya serikali. Mwaka 1978 ikatoka sheria ya vumbi la pamba. Wenye viwanda wakaipeleka mpaka mahakama kuu ya nchi, wakashindwa mwaka 1981. Na sheria hiyo yasema hivi juu ya kupima: mtu apimwe kabla ya kuingia zamu, akiwa amekaa mbali na vumbi si chini ya saa 35, kisha apimwe tena kati ya saa 4 na saa 10 baada ya zamu kuanza. Yaani ile Jumatatu yao imeandikwa katika sheria.

Hapo tungependa kumalizia habari hiyo kwa shangwe, lakini haki yatulazimisha kusema lililobaki. Ndani ya sheria hiyo hiyo nzuri mlikuwa na mstari mdogo: kwa mfanya kazi mweusi, kiasi cha pumzi kinachotazamiwa kizidishwe kwa 0.85. Maana yake ni kwamba mtu mweusi hukatwa 15 kwa mia kabla hajapuliza, na upungufu huo huitwa hali yake ya kawaida. Mstari huo ulitoka wapi?

Ulitoka mbali. Mwaka 1846 daktari wa London aitwaye John Hutchinson alitangaza spirometa yake baada ya kupima watu zaidi ya 2,000, mabaharia, askari, polisi, wazima moto, mafukara na mabwana. Akaona kwamba pumzi hufuata urefu wa mtu. Alikuwa mtu hodari, ila tangu mwanzo alifikiri pia juu ya makampuni ya bima ya maisha, yajue nani wa kuandikwa na nani wa kukataliwa. Miaka michache baadaye, mwaka 1851, Samuel Cartwright, daktari wa nchi ya watumwa kule Louisiana, aliandika kwamba mapafu ya mtu mweusi yana upungufu wa 20 kwa mia, na kwa akili yake hiyo ilikuwa sababu njema ya kumtumikisha kwa nguvu, ati jasho humsafisha damu. Mwaka 1869 Benjamin Gould akatoa kitabu kikubwa cha vipimo vya askari wa vita vya Marekani, weupe kwa weusi, na namba za weusi zikawa ndogo. Lakini hakutenganisha kati ya rangi ya mtu na chakula alichokulia, nyumba aliyolala, na utumwa aliotoka juzi. Baadaye vitabu vikanakili vitabu. Mwishowe ukatengenezwa mpango ndani ya mashine zenyewe: mpimaji huchagua rangi ya mtu, na mashine humkata 10 au 15 kwa mia bila kelele.

Anayedhani hilo ni jambo la vitabu tu, asikie la mwaka 1999. Katika mji wa Baltimore, wafanya kazi wengi walikuwa wameshitaki kwa sababu ya asbesto. Kampuni ya Owens Corning ikaomba mahakama kwamba wadai weusi waonyeshe upungufu mkubwa wa pumzi kuliko weupe ndipo wasikilizwe. Vumbi ni moja, chumba ni kimoja, miaka ni ile ile; ila mweusi alitakiwa awe mgonjwa zaidi ndipo aitwe mgonjwa.

Tuweke hesabu mezani. Tuseme ni mtu ambaye, kwa urefu na umri wake, hutazamiwa kutoa lita 3.6 katika sekunde ya kwanza. Yeye hutoa lita 2.6. Hiyo ni 72 kwa mia, na daktari atasema kuna shida hapa, tuchunguze. Sasa mkate 15 kwa mia kwanza. Kinachotazamiwa kimekuwa lita 3.06. Zile lita 2.6 zimekuwa 85 kwa mia, na karatasi yaandika: SAWA. Mtu ni yule yule, anahema vile vile akipanda ngazi, lakini zaidi ya nusu lita imeyeyuka kwa kubonyeza kitufe.

Mwaka 2023 chama cha madaktari wa kifua cha Marekani kilikubali kwamba desturi hii iachwe, na kikashauri kipimo kimoja kisichouliza rangi. Ni vizuri, ingawa wamechelewa. Lakini mashine hazisomi matangazo. Mashine iliyonunuliwa kabla ya hapo, au iliyouzwa huku kwetu kwa bei ya mitumba, yaweza kuwa bado na mpango wa zamani ndani yake, na mpimaji aliyefundishwa kwa wiki moja atabonyeza anachoonyeshwa. Kwa hivyo swali la kwanza la mjumbe wetu gari likirudi liwe hili: mashine hii imewekwa kipimo cha nani?

Tunajua jibu litakalokuja, na si jibu la kijinga. Watasema: mkiondoa ule mkato, watu wengi zaidi watatoka na alama ya ugonjwa, nasi hatuwezi kuweka mgonjwa kwenye vumbi, itabidi waache kazi, je, ndivyo mnavyotaka? Ndugu, hili lina ukweli ndani yake. Alama moja hiyo hiyo humpa mtu fidia mahali pamoja na kumnyima kazi mahali pengine. Ndiyo maana sisi hatusemi kwamba dawa ni kutafuta jedwali lililo jema na kulala. Jedwali lolote, hata likipimwa Kisumu au Kiambu, ni wastani wa watu wengine. Kipimo cha kweli cha pumzi yako ni pumzi yako mwenyewe, siku ulipoingia langoni.

Mtazameni mtu huyu wa pili. Aliingia kazini ana miaka 25, kijana wa mpira, mrefu, kifua kipana. Jedwali lilimtazamia lita 4.0 katika sekunde ya kwanza. Yeye akatoa 4.8. Sasa ana miaka 40. Jedwali lamtazamia 3.6, naye anatoa 3.0. Hiyo ni 83 kwa mia, nayo huandikwa SAWA bila hata mkato wa rangi. Lakini amepoteza lita 1.8! Chukua chupa ndogo za soda za mililita 300 uzipange mezani: ni sita. Umri nao una haki yake, humpunguzia mtu mililita 25 au 30 kwa mwaka, basi katika miaka 15 umri umekunywa chupa moja na nusu. Hizo nne na nusu nyingine zimekunywewa na nani? Bila ile namba ya kwanza, 4.8, hakuna mahakama duniani itakayojua kwamba chupa hizo zilikuwepo. Wataalamu wa afya ya kazini huanza kuuliza maswali pumzi ya mtu ikishuka 10 au 15 kwa mia kupita ile ya umri. Lakini utajuaje imeshuka kama hujui ilikoanzia?

Kwa hivyo anayeificha karatasi ya kwanza anaficha kitu kikubwa kuliko karatasi. Sheria ya WIBA ya 2007 huhesabu ulemavu wa kudumu kwa mapato ya miezi 96. Mtu akipewa ulemavu wa 10 kwa mia, ni mapato ya miezi 9 na siku 18. Akiandikiwa SAWA, ni sifuri. Ndugu zetu wa machimbo ya dhahabu ya Afrika Kusini walipata mapatano ya randi bilioni 5, yaliyothibitishwa na mahakama mwaka 2019, kwa wale waliovuta vumbi la mawe tangu 1965. Na hata huko, mzee wa Lesotho au Msumbiji anapofika kudai, hutakiwa picha ya kifua na kupuliza bomba, na namba huamua yuko daraja gani. Wengi waliingia machimboni vijana na hawakubaki na karatasi hata moja mkononi.

Tena tusiambiwe kwamba karatasi ni mali ya kampuni kwa sababu kampuni ililipa. Kulipa ni wajibu wake, si hisani: kanuni za uchunguzi wa afya za mwaka 2005 zataka wafanyao kazi za hatari wachunguzwe kabla ya kuanza, wakati wa kazi, na wanapoacha, kwa gharama ya mwajiri. Katiba ya 2010, kifungu cha 35, humpa raia haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa mtu mwingine ikiwa anaihitaji kulinda haki yake. Na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 huhesabu habari za afya kuwa za pekee na humpa mwenyewe haki ya kuziona. Ile siri ya daktari tunaikubali kwa mikono miwili. Iwe siri kati ya daktari na mgonjwa. Ofisi ya kuajiri ipewe neno moja tu, kwamba mtu huyu aweza kazi hii au ahamishiwe kazi nyingine, na namba zibaki kwa mwenye kifua. Kule kiwandani wamefanya kinyume chake kabisa, na wakathubutu kutumia neno hilo hilo la siri.

Nasi pia tuna yetu ya kusema juu yetu wenyewe. Wako wanaopuliza nusu wakidhani watapewa pesa. Waache. Ndiyo maana pumzi hurudiwa mara tatu. Anayeigiza hawezi kuigiza sawasawa mara zote, na akishikwa humharibia jina yule mgonjwa wa kweli aliye nyuma yake mstarini. Wako wengi zaidi ambao hufanya kinyume, huficha kikohozi, hunywa dawa asubuhi ya kupimwa, kwa kuogopa kibarua kitaota nyasi. Hao hatuwalaumu, maana tumeona yaliyowapata watatu. Lakini tunawaambia kwamba woga wao hautaondoka kwa kuficha. Utaondoka siku mapatano yetu na mwajiri yatakapokuwa na kifungu kwamba aliyeshuka pumzi huhamishwa mbali na vumbi kwa mshahara ule ule. Kifungu hicho kimo katika madai yetu ya mwaka huu, na hatutakibadilisha kwa nyongeza ya sabuni au maziwa. (Juu ya maziwa: hayaoshi mapafu. Maziwa huenda tumboni. Tumelisema hili mara nyingi.)

Na vibarua je? Hawa ndio wanaofagia chini ya mashine, ndio wanaobeba magunia yaliyopasuka, na ndio ambao hawakuitwa kupuliza hata siku ile. Mtu anayeandikwa kila asubuhi langoni hana siku ya kwanza katika vitabu. Baada ya miaka minane ya kuandikwa kila asubuhi bado yuko siku ya kwanza. Wanachama wenye kazi ya kudumu wasiseme hilo ni la wengine. Gari likija, wajumbe wetu wadai kila aliye ndani ya lango apimwe.

Neno moja kwa wenye kiwanda, kama nakala hii itafika mezani kwao, nayo hufika. Kupima pumzi si kufagia vumbi. Mnapenda mashine ya kupuliza kwa sababu ni nafuu kuliko feni ya kuvuta vumbi, nafuu kuliko kufunika mkanda wa unga, nafuu hata kuliko kulowesha sakafu kabla ya kufagia. Mkimpima mtu kila mwaka na kuandika jinsi anavyokwisha, hamjamlinda, mmeweka hesabu ya maziko yake. Twataka vumbi likamatwe pale linapotoka. Kisha twataka tupimwe, ili tujue kama mmelikamata.

Sasa kazi iliyo mbele yetu. Barua imekwisha kuandikwa na kamati kudai karatasi za watu wote waliopulizishwa siku ile, na kudai kwamba ndugu watatu wapimwe upya na daktari anayetambuliwa, ameketi, pua imebanwa, pumzi tatu. Lakini barua ya chama haitoshi. Kila mmoja anatakiwa aandike kuomba karatasi yake kwa jina lake. Fomu zimepigwa chapa na ziko ofisi ya tawi, asiyejua kuandika ataandikiwa. Tawi pia limenunua kopo moja la kupuliza, la mshale, na midomo ya karatasi ya kutosha. Kila mwanachama ataandikiwa namba yake katika kadi atakayokaa nayo mwenyewe nyumbani, pamoja na tarehe, urefu wake, na kazi anayofanya. Si spirometa, na haitasema yote, lakini itakuwa namba ya kwanza.

Ofisi itakuwa wazi Jumamosi tangu saa nane mchana. Walio zamu ya usiku waje Jumapili saa nne asubuhi. Msivute sigara saa moja kabla, wala msije mmetoka kula sana. Ndugu watatu tumewaomba waje mapema, wao watapuliza kwanza.